Maswali ya Wasomaji: Joho lilirudi kwenye buti la gari

Mwezi uliopita mama mmoja wa Kikenya aliyeko Marekani alituandikia kuhusu kanisa lake na ugomvi wa makasisi wanawake, na nafasi ilikuwa ndogo, nikamjibu mistari minne nikamalizia na "hayo ni mambo ya wazungu wenyewe". Jamani. Sijawahi kuchambwa hivyo tangu nianze kujibu barua humu. Kwa hiyo toleo hili ukurasa wote ni wa jambo hilo hilo, tunaanza na barua yake mwenyewe maana ameirudia, safari hii nzima.

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mama wa watoto watatu, nyumbani ni Machakos, huku Marekani nina miaka kumi na moja. Tunasali Anglikana ya ACNA (Anglican Church in North America), hawa waliojitenga na Episkopo, yaani ile Anglikana ya zamani ya Marekani, kwa sababu ya mambo ya ushoga, na mchungaji wetu ni mwanamke, kasisi kabisa aliyewekewa mikono na askofu, ndiye alimbatiza kitinda mimba wangu na ndiye alikaa na mimi hospitali usiku ule nilipofanyiwa operesheni. Sasa mdogo wangu anaishi mbali, anasali ACNA pia lakini dayosisi nyingine, akaomba mchungaji wetu aje asaidie kumbatiza mtoto wake. Tukaendesha gari masaa sita. Kufika tu mchungaji wa pale akamvuta pembeni, kwa heshima nakubali, akamwambia dada karibu sana lakini utakaa kwenye benchi na familia, madhabahuni hutapanda kwa sababu dayosisi yetu haitambui ukasisi wa wanawake. Alikuwa na joho lake kwenye ule mfuko mrefu wa drai klina, akalirudisha kwenye buti hata zipu hajafungua. Mimi nililia kuliko yeye. Swali langu, hilo ni kanisa moja kweli? Na wewe unaniambia mambo ya wazungu, mimi ni mzungu?

JIBU: Mama, kwanza samahani. Ule mstari ulikuwa wa uvivu.

Sasa twende taratibu maana bila historia hii kitu haieleweki. Mwaka 2003 dayosisi moja ya Kanisa la Episkopo, New Hampshire, tena dayosisi ndogo tu, ilimchagua Gene Robinson kuwa askofu, mtu aliyekuwa anaishi na mwanaume mwenzake na hakuficha. Kura ya dayosisi moja, lakini moshi wake ukafika Nairobi, Kampala, Kigali na Abuja. Na waliokasirika hoja yao kubwa, ukiacha Biblia, ilikuwa kwamba dayosisi haiwezi kujiamulia peke yake jambo linalogusa kanisa lote la Anglikana duniani. Shika hapo usiachie.

Makanisa ya Marekani yaliyokasirika yakaanza kutafuta askofu wa kuwalea, na wakamtafuta wapi? Kwetu. Rwanda ilikuwa imeshaanza hata kabla, Januari 2000 Askofu Mkuu Emmanuel Kolini na mwenzake wa Asia ya Kusini Mashariki, Moses Tay, waliwaweka wakfu Wamarekani wawili kule Singapore kimya kimya. Kenya ikafuata tarehe 30 Agosti 2007, pale pale All Saints Nairobi, Wamarekani wawili kwa mpigo, Bill Atwood na Bill Murdoch. Siku tatu baadaye Uganda ikamweka John Guernsey kule Mbarara. Kwa hiyo kwa miaka kadhaa kulikuwa na parokia Virginia ambayo ukiuliza askofu wenu mkuu ni nani unaambiwa yuko Kampala, na watu walikuwa wanaona sawa tu.

Ndo hao, pamoja na dayosisi nne zilizojitoa Episkopo kati ya 2007 na 2008, wakakusanyika Bedford, Texas, Juni 2009 wakaunda ACNA. Na tatizo lako, mama, lilizaliwa siku hiyo hiyo. Kati ya hizo dayosisi nne, tatu, yaani Fort Worth, Quincy na San Joaquin, walikuwa hawataki kasisi mwanamke hata kwa dawa, kwao hilo ndilo kosa la kwanza la Episkopo na ushoga ni kosa la pili lililotokana na la kwanza. Ya nne, Pittsburgh, ilikuwa na makasisi wanawake, na askofu wa Pittsburgh, Robert Duncan, ndiye aliyekuwa askofu mkuu wa kwanza wa ACNA! Sasa ungefanyaje? Wangeanza kubishana hilo siku ya kwanza kanisa lingekufa kabla ya kubatizwa. Wakafunika kombe mwanaharamu apite. Wakaandika kwenye katiba kwamba jimbo, yaani ACNA nzima yenye dayosisi zote, halitatunga kanuni ya kuinyang'anya dayosisi uamuzi wake kuhusu kuwaweka wanawake. Ushemasi na ukasisi, kila dayosisi na lwake. Uaskofu hapana, uaskofu ni wanaume tu popote.

Umeona ilivyo? Watu waliotoka nyumbani kwao wakilalamika kwamba dayosisi moja imejiamulia peke yake, wamejenga nyumba mpya na jiwe la msingi ni dayosisi kujiamulia peke yake. Siwacheki, nadhani hawakuwa na njia nyingine, lakini ndo ukweli wenyewe na kila ugomvi unaousikia leo huko unatoka kwenye jiwe hilo.

Maaskofu wao walijaribu kulimaliza. Wakaunda kikosi cha kuchambua, wakasoma miaka, Septemba 2017 wakakaa Victoria kule Canada wakatoa tamko kwamba Maandiko hayatoi msingi wa kutosha wa kulifanya kuwa utaratibu wa kanisa zima, ila dayosisi zina haki yake kikatiba na haki hiyo inabaki. Kiswahili cha nyumbani: hatuoni msingi, lakini hatuwakatazi. Kila upande ukatoka na nusu yake ya kusoma. Januari 2024 kule Charleston kwenye mkutano wao mmoja mkubwa, msemaji aliyealikwa kutoka Uingereza akapewa mada nyingine kabisa, yeye akaigeuza ikawa mahubiri ya kupinga makasisi wanawake mbele ya makasisi wanawake waliokaa ukumbini, wenyeji wakamtoa kwenye mjadala wa mwisho. Mwaka huo huo kundi la makasisi wakaandika waraka wa wazi wakitaka kuwaweka wanawake kuwa makasisi kusimamishwe. Kombe linafunuka polepole.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni kwamba yule mchungaji hakuvunja sheria yoyote ya kanisa lenu, na mchungaji wako naye hakuvunja. Wote wawili wako ndani ya katiba ileile na ndo maana hakuna wa kumshtaki. Ila naomba niseme langu: kumwambia mtu ameendesha masaa sita, mlangoni, kitu ambacho ungemwambia kwa simu wiki mbili kabla, hiyo haihitaji teolojia. Hiyo ni adabu tu.

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo. Mimi niko Dodoma. Nimesikia kuna dayosisi ndani ya hiyo ACNA imeshaanza kukubali ushoga kimya kimya, wanaiita ya kisasa, na kwamba hayo ya wanawake ni mlango tu. Ni kweli au stori za vijiweni?

JIBU: Milele amina. Inayosemwa sana ni Dayosisi ya Churches for the Sake of Others, wenyewe wanafupisha C4SO. Hii haina mipaka kwenye ramani kama ya kwetu ambapo ukivuka mto umeingia kwa askofu mwingine, ni makanisa yaliyotawanyika Marekani yakiwa chini ya askofu mmoja, na mengi ni makanisa mapya yaliyopandwa mjini, vijana, gitaa, kahawa mlangoni. Askofu wake wa kwanza, Todd Hunter, alitokea Vineyard, kanisa la kikarismatiki, akawekwa wakfu 2009 kwenye ile misheni iliyokuwa chini ya Rwanda, halafu misheni ilipokorofishana na Kigali mwisho wa 2011 kila mtu akatafuta pa kushika, na 2013 C4SO ikawa dayosisi kamili ya ACNA. Inaweka makasisi wanawake na inasema waziwazi juu ya ubaguzi wa rangi, na kwa Marekani ya sasa hivi vitu viwili tu vinatosha mtu kuitwa majina.

Lakini ndoa za jinsia moja, hapana. Msimamo wa ndoa ni wa ACNA nzima na dayosisi hiyo iko ndani yake: mume mmoja mke mmoja. Ugomvi uliotokea 2021 ulikuwa juu ya neno, siyo ndoa, na naomba usome hapa vizuri kwa sababu huku kwetu uliripotiwa ovyo. Januari 2021 maaskofu wa ACNA walitoa waraka wa kichungaji wakishauri muumini anayevutiwa na jinsia yake asijiite "Mkristo shoga", aseme tu ni Mkristo anayevutiwa na jinsia yake. Mwezi uliofuata baadhi ya waumini na makasisi wakaandika barua ya wazi yenye upole kwa hao ndugu, kwamba tunawaona, tunajua mmeamua kuishi kwa usafi na ni mzigo mzito, msiondoke. Barua ilitumia neno lile lile waraka ulilolikataa. Askofu Mkuu wa ACNA wa wakati huo, Foley Beach, akaomba iondolewe, ikaondolewa.

Ungedhani imeisha. Kumbe askofu mkuu wa Nigeria, Henry Ndukuba, akaona hata ule waraka wenyewe ni laini mno, akatoa tamko mwisho wa Februari akiita jambo hilo kirusi hatari ambacho ACNA lazima ikikate kabisa, maneno makali kiasi kwamba Askofu Mkuu wa Canterbury wa wakati huo, Justin Welby, ambaye cheo chake ndicho cha kwanza kwa Waanglikana duniani, akajitokeza hadharani kuyakemea. Kwa hiyo hebu pima: watu walewale ambao kwa Episkopo ni wahafidhina wa kupindukia, kwa Abuja ni vuguvugu. Na ndani yao wenyewe, mtu anayeishi useja maisha yake yote kwa kutii mafundisho ya kanisa anagombezwa kwa kuchagua neno. Mi naona hapo kuna watu wamesahau wanaongea na nani.

Kuhusu mlango. Hoja ya "ukiwaweka wanawake kesho utabariki ushoga" inavuma sana kule Marekani, na ukiangalia Episkopo peke yake utaona kama kweli maana wao walianza na moja wakaja na lingine. Lakini ungeiweka hiyo hoja mbele ya maaskofu wa Uganda wangekushangaa. Subiri barua ya Kakamega hapo chini.

SWALI: Mimi ni mwanasheria, niko Mwanza, sina dhehebu ila napenda haya mambo. Je ACNA inaweza kuifukuza dayosisi inayokwenda kinyume? Na majengo yanabaki kwa nani?

JIBU: Wakili nakujibu kwa ufupi maana wewe utataka vifungu na mimi sina digrii yako. Kufukuza inawezekana, katiba yao imeweka njia, onyo kwanza halafu kura, na kura inayotakiwa siyo ya kupata kwa kubahatisha. Ila dayosisi nayo ina mlango wake, iko huru kujitoa wakati wowote kwa uamuzi wa vikao vyake yenyewe. Na kama wanataka kumaliza ukasisi wa wanawake lazima waguse katiba, haitoshi maaskofu kukaa na kukunja sura.

Majengo ndo kuna utamu. Episkopo wana kanuni ya mwaka 1979 inayosema mali yote ya parokia imeshikiliwa kwa amana ya kanisa zima, kwa hiyo waliojitoa wengi walitoka mikono mitupu. Falls Church kule Virginia, parokia ambayo George Washington aliwahi kuwa mzee wa kanisa, waumini waliobeba jina la ACNA walishindwa kesi 2012 wakakabidhi funguo wakaenda kusali kumbi za watu. Fort Worth wao walipigana zaidi ya miaka kumi na Mahakama Kuu ya Texas ikawapa ushindi Mei 2020, na mahakama ya juu ya nchi ikakataa kulisikiliza Februari 2021. Sasa watu walioungua hivyo wakiandika katiba yao unadhani wataandika nini? Wameandika kwamba mali ya kila parokia ni ya parokia, jimbo halina chake. Maana yake leo hii dayosisi ya kisasa ikiamua kufungasha, askofu mkuu hana fimbo ya majengo. Ndo sababu mojawapo wanavumiliana, kuliko unavyoweza kusikia kwenye mahubiri.

SWALI: Mwandishi salamu kutoka Kakamega. Sisi jirani zetu hapa Butere askofu ni mwanamke, na ACK, Anglikana yetu ya Kenya, iko Gafcon, ule umoja wa Waanglikana wahafidhina duniani, pamoja na hao ACNA. Hao si tuliwalea sisi? Mbona mtoto anamkataza mama yake kupika?

JIBU: Hahaha, hiyo ya mwisho nimeiiba.

Ndiyo, Rose Okeno aliwekwa wakfu kuwa Askofu wa Butere Septemba 2021, na mapema mwaka huo Emily Onyango alishakuwa askofu msaidizi kule Bondo. Kabla yao Sudan Kusini ilimweka Elizabeth Awut Ngor kuwa askofu msaidizi wa Rumbek tarehe 31 Desemba 2016, na ilichukua zaidi ya mwaka dunia ya nje kujua, yaani kanisa la watu waliokimbia vita lilifanya jambo ambalo vikao vya mahoteli makubwa vilikuwa bado vinalichambua. Gafcon iliwahi kuyaomba majimbo yake yasubiri maaskofu wanawake mpaka waelewane. Kenya haikusubiri hadi mwisho, na bado iko Gafcon, na haikufukuzwa.

Lakini nataka nikurudishe nyuma zaidi maana hapa ndo stori yako na ya mama wa Machakos zinakutana. Mwaka 1983 Askofu Henry Okullu wa Maseno Kusini, yule yule aliyekuwa akiwakalia kooni wanasiasa, alimweka Lucia Okuthe kuwa kasisi. Jimbo lilikuwa limesema tu kwamba kimsingi hakuna shida, hakuna aliyekuwa na haraka ya kuanza, yeye akaanza. Mwaka huo huo ng'ambo ya pili, Kigezi, Askofu Festo Kivengere naye akawawekea wanawake mikono. Na Kivengere huyu siyo mtu wa kuambiwa ni mliberali, ni mtu wa Uamsho, wa Tukutendereza, wa kutubu hadharani, aliyemkimbia Idi Amin usiku kwa miguu. Hao ndo walikuwa dayosisi za kisasa za wakati wao, zinatangulia na kanisa kubwa linafuata likiwa linanung'unika. Leo Uganda ina makasisi wanawake wengi tu na msimamo wake kuhusu ushoga unaujua, kwa hiyo yule ndugu wa Dodoma aliyesema ni mlango, mlango umefunguliwa miaka zaidi ya arobaini na hajaingia huyo wanayemwogopa.

Kwa hiyo Mmarekani wa ACNA akikwambia yeye anapinga makasisi wanawake kwa sababu anasimama na Waafrika, mwulize Mwafrika yupi. Kenya ilipowaweka wakfu wale wawili mwaka 2007 tayari ilikuwa na makasisi wanawake. Uganda hivyo hivyo. Rwanda hivyo hivyo, na Askofu Mkuu Laurent Mbanda wa Rwanda, akiwa mwenyekiti wa Gafcon, ndiye aliyetoa lile tamko la Oktoba 2025 la kuachana na Canterbury, wiki mbili tu baada ya Sarah Mullally kutangazwa kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, mwanamke wa kwanza. Watu wakadhani ni kwa sababu ni mwanamke tu. Kwa baadhi ya wanachama hilo limo, siwezi kusema halimo, lakini kinachowauma kuliko vyote ni zile baraka za wapenzi wa jinsia moja ambazo Kanisa la Uingereza liliziruhusu. Wengine wanachanganya hivi vitu viwili bila kujua, wengine wanajua vizuri sana kwa nini wanavichanganya.

SWALI: Mzee wangu, mimi niko Unguja. Sisi Waanglikana huku tuko wachache, shida zetu ni paa la kanisa na ada za watoto. Kwa nini ukurasa mzima uende Marekani? Inatuhusu nini?

JIBU: Inakuhusu wewe kuliko wote waliobaki, na ntakwambia kwa nini.

Februari 2007 maaskofu wakuu wa Anglikana dunia nzima walikutana Dar es Salaam, hotelini ufukweni, ajenda kubwa ni hii hii. Katharine Jefferts Schori alikuwa ndo kwanza amechaguliwa kuongoza Episkopo, mwanamke wa kwanza kukaa kwenye meza ile. Maaskofu wakuu saba wakakataa kushiriki Meza ya Bwana pamoja naye na wenzake. Jumapili ya tarehe 18 wakapanda boti wakaja kwenu, Mkunazini, kwenye kanisa lililojengwa juu ya soko la watumwa. Wewe unalijua kuliko mimi, zile nguzo za nyuma zilizosimamishwa kichwa chini miguu juu kwa sababu Askofu Steere aliyelijenga alisafiri na mafundi hawakumsubiri, ule msalaba wa mti wa Chitambo, kijiji alikofia Livingstone, na duara la marumaru madhabahuni ambapo wanasema ulikuwa mti wa kuchapia watu. Watu walioshindwa kula meza moja walikaa humo. Kesho yake wakarudi hotelini wakaipa Episkopo hadi 30 Septemba iachane na yale mambo, Septemba ikafika, unajua mwenyewe kilichofuata.

Na siyo mara ya kwanza Unguja kuwa katikati. Juni 1913 wamisionari wa Kianglikana, Kipresbiteri na Kimethodisti walikutana Thogoto, Kikuyu, wakiwaza kuungana ili wasiwachanganye Waafrika, na siku ya mwisho Askofu Peel wa Mombasa akaongoza Ushirika Mtakatifu ndani ya kanisa la Waskoti na akawashirikisha wote. Askofu Willis wa Uganda naye alikuwamo. Frank Weston, askofu wa Zanzibar, kusikia hivyo akalipuka. Akamwandikia Askofu Mkuu wa Canterbury, Randall Davidson, akitaka maaskofu wenzake wawili wa Afrika Mashariki washtakiwe kwa uzushi! Kesi ikajaa magazeti ya London, na Davidson akafanya kile maaskofu wakuu hufanya, akaipeleka kwenye kamati. Jibu lilitoka 1915 likiwa limepinda kiasi kwamba watu wakatania kwamba kamati imeona ibada ile ilimpendeza Mungu sana na isirudiwe tena kamwe. Wakati huo vita ilishaanza na Weston mwenyewe akaja kuongoza wapagazi barani, alikuwa mtu wa ajabu, mkali kwa wenzake na mpole kwa maskini, siwezi kumchukia hata nikijitahidi.

Mimi nimelelewa Muheza kwenye uvumba, kengele tatu na Salamu Maria, na siku ya kwanza kusali Dodoma nilidhani nimeingia kwa Wapentekoste. Lakini mwaka 1970 tukawa jimbo moja, wa uvumba na wa matari, na mpaka leo kuna dayosisi Tanzania inaweka makasisi wanawake na kuna isiyoweka, na askofu mkuu wetu ni mmoja. Sasa ukiniuliza Marekani inatuhusu nini, hao wanaishi leo kitu tunachoishi sisi kwa zaidi ya miaka hamsini, tofauti sisi hatuna mawakili wengi.

Paa la kanisa nimelisikia. Niandikie unahitaji bati ngapi, geji gani.

SWALI: Shikamoo. Mimi kijana wa Muheza, nimeona jibu lako la mwezi uliopita. Huku mke wa mchungaji tunamwita mama mchungaji. Sasa kule mchungaji mwenyewe ni mama, yeye tumwiteje na mumewe tumwiteje?

JIBU: Marahaba, na umeniuliza swali gumu kuliko ya maaskofu.

Yeye mwite Mchungaji, basi, kama unavyomwita mwanaume. Ukimwita mama mchungaji watu watatafuta baba mchungaji yuko wapi wampe salamu za kamati. Mumewe ndo kazi. Kuna parokia moja Dar nilikwenda kusali, mchungaji ni mwanamke na mumewe ni fundi wa friji, mtu mnene mcheshi, waumini walikuwa wamehangaika na jina mwaka mzima, wengine shemeji, wengine mzee wa mchungaji, akina mama wa Mothers' Union wakajadili kama wamwalike kwenye kikao cha wake wa wachungaji na kweli wakamwalika, akaenda, akakaa nyuma, akatengeneza friji la ukumbi ambalo lilikuwa halifanyi kazi tangu Pasaka. Sasa wanamwita fundi. Nilimkuta baada ya ibada ameegemea mlango wa vestri, mkononi ameshika joho la mkewe kwenye hanga, anamngojea amalize kusalimia watu.